Bega la Hizza

Jeshi lilishaacha kuwakimbiza vijana uwanjani ili kuwapima pumzi. Kila kijana alivaa bangili tangu utotoni, na siku yoyote bangili ikiona mwili wake unatosha, alichukuliwa. Ndiyo maana Mwajabu alimlea mwanawe Hizza kama yai. Ndoo za maji alibeba mwenyewe, na kijana akipanda kilima cha nyumbani ilibidi asimame kila kona, ajifanye anahema.

Kisha babu yake Hizza akafariki. Njia ya makaburini ni mlima mtupu, na wanaume hupokezana jeneza kila baada ya hatua chache. Hizza aliingiza bega, akakataa kupokewa.

"Niachie, mjomba, utaumia," kaka yake Mwajabu alimsihi.

"Huyu alinibeba mgongoni, mjomba. Acha nimfikishe."

Akamfikisha. Watu wakiitikia dua, bangili ikawaka kijani.

Askari wawili walikuja kabla matanga hayajaanuliwa. "Hongera, mama," mmoja alisema. "Umetulelea mtu hasa."

Laiti Mwajabu angemwambia asubuhi ya mazishi abaki nyuma na wazee. Asingembishia.

Gari lilisubiri juu, barabarani. Hizza alibeba begi lake, akapanda kilima. Kwenye kona ya kwanza alisimama kwa mazoea, akashika kiuno, akahema.

Askari wakasimama kumsubiri. Hawakushangaa. Vijana wote waliowachukua walihema hivyo, mama zao wakiwatazama.