Timazi ya Fundi Ketura

Ukuta wa kanisa ulianguka Jumatatu asubuhi, kwa bahati hakuna aliyekuwa ndani. Uliangukia upande uleule aliousema Fundi Ketura.

Mwaka uliopita, siku ya kuuweka wakfu, alitundika timazi yake mbele ya watu wote, uzi wenye chuma kizito kwenye ncha, akatangaza kwamba ukuta umepinda na utaanguka. Waumini wakamfukuza kwa kelele. Kisha wakaupaka ukuta mafuta, wakauombea.

Sasa alipita katikati yao, shingo haijainama, kilemba amekifunga kama cha sikukuu. Mchungaji Azaria alikuwa ameketi juu ya kifusi.

"Umekuja kutucheka, mama?"

"Nimekuja kazini, baba."

"Lakini tuliuombea!"

"Ukuta hauombewi unyooke, Mchungaji. Unapimwa."

Akafungua fundo la khanga, akatoa timazi. Kina mama wa kwaya wakarudi nyuma.

"Hiyo ndiyo iliyotuhukumu," akasema Mchungaji.

"Na ndiyo hiyohiyo itakayotujenga. Sina nyingine."

Akamsimamisha, akamwinua mkono, akamkabidhi uzi.

"Shika juu kabisa. Usitikisike."

Mchungaji akasimama mkono angani. Chuma kikayumba kulia, kikayumba kushoto, juu ya tofali lililokuwa bado na doa la mafuta. Kanisa zima lilikikodolea macho, likisubiri kitulie.