Ba Chikako Hajibu

Siku ya sita tangu afikie gesti ile, Ba Chikako alikuwa bado hajamjibu Ba Jean hata neno moja.

Walikaa meza ileile ya dirishani, uso kwa uso. Ba Jean, Mbelgiji aliyezaliwa Lubumbashi, aliongea taratibu. Ba Chikako, Mjapani, alitazama ziwa Mweru juu ya bega la mwenzake. Esnart, mpishi mpya kutoka Chienge, ambako kila mkubwa huitwa Ba kwa heshima, aliwawekea mabakuli mawili ya wali na supu ya chisense, vidagaa vya ziwa hilo, macho chini. Alikuwa mtu wa haya. Wageni wengine aliwaambia "karibu" na "asante" tu, akakimbilia jikoni. Tena pale dirishani palikuwa na ubaridi, hata jua la mchana likiwaka.

"Ona huyu," Ba Jean alimwambia Esnart. "Anafanya sawa hanisikie."

Esnart aliwaonea huruma. Siku alipoanza kazi, Ba Olipa, mwenye gesti, alimwonyesha picha ukutani: Wajapani na Wazungu waliofanya kazi kandokando ya ziwa, wamebanana benchi moja wakicheka. Wawili hawa ndio waliowakusanya kila Jumamosi. Mmoja hakujua Kifaransa, mwingine hakujua Kijapani. Wakakutana kwenye Kiswahili, Ba Chikako cha Tanzania, Ba Jean cha Katanga, wakichekana matamshi. Wajapani walionyesha jinsi ya kupika supu kwa dagaa wakavu, Wazungu jinsi ya kukaanga chipsi mara mbili.

"Sasa hakuna anayekuja," Ba Olipa alisema, akageuka kufuta meza iliyokuwa safi.

Ugomvi huo, Esnart alijiambia. Ugomvi mkubwa.

Hata hivyo Ba Chikako hakuacha kumwandalia mwenzake. Kila mchana alivuta bakuli la Ba Jean, akashindilia wali, akachomeka vijiti viwili vya kulia katikati, wima, akainamisha kichwa. Kumbe hata wakinuniana wanaheshimiana, Esnart aliwaza. Lakini Ba Jean hakugusa kitu. Bakuli lilirudi jikoni limejaa vilevile, Esnart akaanza kuonja wali upya akitafuta kosa lake.

"Weye mwenye haya," Ba Olipa alimtania, "siku hizi unapiga domo mle ndani kuliko redio!"

Siku hiyo ya sita begi la Ba Chikako lilikuwa mlangoni. Gari la kwenda Mansa lilikuwa limchukue saa nane, na kutoka huko arudi kwao moja kwa moja. Ba Jean aliliona begi, akamgeukia Esnart.

"Mama Esnart, akienda hivi, bimeisha. Mumwambie anisamehe."

"Mimi? Nitasema nini mie?"

"Weye anakusikia."

Akamweleza la kusema. Esnart alirudi jikoni, akakaa karibu na mkaa akiyarudia maneno kimoyomoyo. Kisha akachukua chai ambayo hakuna aliyeiagiza, ili apate sababu ya kufika mezani.

"Ba Chikako, pardon. Si mambo yangu. Lakini Ba Jean anaomba umsamehe kabla hujaenda. Anasema alikukosea siku ile ya upepo, alipokuita mwoga kwa sababu ulikataa kupanda naye bwato, ule mtumbwi, kwenda kisiwa cha Chisenga."

Kikombe kilipinduka. Chai ilitambaa juu ya meza, hakuna aliyeifuta.

"Tulikuwa wawili tu pale ufukweni," Ba Chikako alisema polepole. "Sikumwambia mtu."

Kwa mara ya kwanza aligeukia kiti kilichokuwa mbele yake. Macho yake yalipita juu, chini, kulia, kushoto, yasipate pa kutua. Akamkamata Esnart mkono kwa nguvu.

"Muulize mwili wake uko wapi, dada. Tumeutafuta miezi minne."