Wafike Kumi

Mara tatu muuguzi Sikudhani alimrudisha Kirobo nyumbani na mwanawe bila chanjo. Chupa moja ya chanjo ya surua hutosha watoto kumi, na ikishafunguliwa haifiki kesho. “Ngoja wafike kumi, kaka, tusije tukaimwaga.”

Leo Kirobo alikuja na panga, bila mtoto. Alimbamiza Sikudhani ukutani, akaikatakata friji ya chanjo hadi chupa zikapasukia sakafuni.

“Surua imemmaliza mwanangu! Nimemzika asubuhi. Haya, nihesabie hao kumi!”

Damu ikimchuruzika puani, Sikudhani alitambaa juu ya vioo, akaokota chupa pekee iliyosalia nzima. Alipoinua kichwa alimwona mama mmoja amekauka mlangoni, mtoto mgongoni. Mmoja tu.

Panga lilikuwa bado juu. Sikudhani akaanza kukibandua kifuniko kwa ukucha.