Viti Vilivyobaki Uchi

Viti vya sebuleni vilikuwa uchi.

Joselyne alisimama mlangoni na kikapu cha sokoni mkononi, akavitazama. Hakukuonekana kitambaa cha kufuma hata kimoja, si kwenye migongo ya makochi, si juu ya redio, si kwenye televisheni. Hata thermos, ambayo katika nyumba ile ilivaa vizuri kuliko watu wengine, ilikuwa imesimama mezani bila aibu.

Vitambaa vile alivifuma mama yake kwa krosheti, kule Bukavu, akiwa bado msichana. Waliporudi Rwanda sufuria ziliachwa, vitambaa vikaja. Na nyumbani kwao viliondolewa kwa sababu mbili tu: kufuliwa kabla ya Noeli, au msiba. Noeli ilikuwa mbali. Msiba wa mwisho ulikuwa wa Papa, baba yake Joselyne, na makaburi ya siku zile yameshaota majani.

Hasira ikampanda mpaka kwenye kilemba. Mwizi alimjua. Binti yake Nishimwe alikuwa ameshikwa na wazimu wa kukusanya vitambaa vikuukuu vya watu na kuvigeuza mikoba, vifuniko vya taa, na blauzi za matundu matundu ambazo wasichana wa Kamembe walizigombania. Joselyne alikuwa amemwonya kwamba vya bibi yake asiviguse, hata kwa jicho. Sasa bibi mwenyewe alikuwa ameaga kwamba anakwenda Nyakarenzo kwa dada yake, kwenye maombi. Akirudi akute viti vile, moyo si utasimama? Joselyne akatoka mbio, kikapu bado mkononi, dodo zikianguka njiani.

Nishimwe alikuwa akishonea kwa fundi Mudathiru, karibu na soko. Joselyne aliingia bila hodi.

Fundi alikuwa kwenye mashine. Kwenye benchi alikaa Mzee Munyemana, aliyekuwa dereva wa malori ya saruji kule Muganza kabla goti halijamstaafisha. Alikuwa amevaa koti jipya lenye pini na chaki mabegani, na ameketi akiwapa watu mgongo, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Kila Jumapili mzee huyo alifika kwao kunywa chai na kusifia kitambaa cha thermos. Joselyne alimtupia salamu tu, maana macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mashine.

Pale chini ya sindano kililala kitambaa kikubwa cha duara, kile cha televisheni, chenye doa la kahawia alipokiunguza yeye mwenyewe kwa pasi alipokuwa mtoto. Kilikuwa kimezungushiwa wavu mweupe.

Haukuwa mkoba. Haikuwa taa. Ilikuwa shela ya bibi harusi.

"Fundi, hii ni ya nani?"

Mudathiru aliondoa mguu kwenye mashine. Akasema kwa adabu kwamba mteja ameomba siri, na kazi yake yeye ni kutoboa kitambaa, si siri za wateja.

Joselyne hakuhitaji kutobolewa siri. Kulikuwa na kijana mmoja, Valens, mpasua mawe wa Muganza, aliyekuja kumposa Nishimwe, na Joselyne akamfukuza hata kabla hajakaa. Sasa akaelewa. Wamemzunguka. Harusi itafanyika kwa kificho, na yaliyochunwa ngozi ni makochi ya mama yake.

Kwenye kona, pazia la kujaribia nguo likatikisika.

Joselyne akanyakua makasi ya fundi mezani, akasimama mbele ya pazia.

"Nishimwe, toka. Hiyo harusi nilisema siitaki, na wewe uko unaifanya na vitu vya kuiba."

Pazia likatulia.

"Na vile vitambaa si vyako. Ni vyangu. Siku Maman atafumba macho, mimi ndiye mwenye kurithi, vitambaa na makochi na nyumba. Nilishapanga kila kimoja nitakiweka wapi. Bibi yako ni muzee, kazi yake imebaki kungoja siku yake tu. Ninyi batoto mumeshindwa hata kumungojea?"

Nyuma ya pazia mtu akavuta pumzi ndefu kupitia puani. Joselyne akapanua makasi, akamgeukia mzee wa kwenye benchi.

"Mzee Munyemana, uko shahidi yangu. Hilo gauni nitalikata mbele ya macho yako."

"Maman Nishimwe," mzee akajibu polepole, "mimi niko naangalia ukuta tu."

Pazia likafunguliwa. Nishimwe akatoka, pini zimejaa midomoni, futi ya kupimia shingoni, amevaa sketi yake ileile ya asubuhi. Hakumtazama mama yake. Alisogea pembeni, kama anayempisha mkubwa.

Nyuma yake alisimama Maman mwenyewe, yule aliyeaga kwamba anakwenda Nyakarenzo. Amevaa mavazi meupe kuanzia shingoni hadi kwenye viatu: vitambaa vya makochi viunoni, cha redio kifuani, vya meza vimekuwa mikono. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini si ya kilio.

"Joselyne, weka makasi chini," akasema. "Mwenye vitambaa hajafumba macho bado."

Makasi yalianguka yenyewe sakafuni. Kwenye benchi, Mzee Munyemana akasafisha koo, uso wake bado ukutani.

"Épiphanie, nigeuke?"

"Bado," Maman akamjibu. "Gauni utaliona Jumamosi, kanisani."