Wimbo Uliosimama

Katikati ya wimbo, Bi Mwanasaumu alishusha maikrofoni na ukumbi mzima ukanyamaza. Nyuma yake Hemedi, mpiga fidla, alikuwa akikohoa hadi machozi yanamtoka.

“Bwana Shekue,” alimwambia mwanamume wa meza ya mbele, “tafadhali, kavutie sigara yako nje. Moshi unamuumiza mwenzangu.”

Kiongozi wa kikundi alimnong’oneza, “Dada, huyo ndiye mwenye ukumbi! Atatufukuza.”

“Na atufukuze. Siimbi huku mwenzangu akikosa pumzi.”

Akaketi palepale jukwaani. Bwana Shekue alimkazia macho, kisha akainuka, akatoka taratibu. Wavutaji wengine wanne wakamfuata.

Hemedi alipotulia, Bi Mwanasaumu alianza upya, uso ameuelekeza dirishani, ili waliosimama nje nao wasikie.