Pumzi ya Watu Wawili

"Vuta tumbo ndani," alisema Ludwina, goti lake limekita mgongoni mwa Rudsel.

"Nimelivuta."

"Basi hili ninaloliona ni la nani?"

Zipu ya suti ya kuzamia ilikuwa imekwama katikati ya mgongo, palepale ilipokwama mwaka jana na mwaka juzi. Ludwina aliishika kwa mikono miwili, akaivuta, ikapanda. Rudsel alinyoosha mabega, akajitazama kwenye kioo cha pikapu kama bwana harusi.

Kila Februari walitoka kisiwani kwao Curaçao kuja kisiwa jirani cha Bonaire kwa wiki moja, kazi yao kuzamia tu. Mashua ya nini? Huku unaegesha gari kando ya jiwe la njano lenye jina la mahali, unaacha madirisha wazi ili mwizi ajionee mwenyewe kwamba hamna kitu, unajitwika mtungi na kuingia baharini kwa miguu yako. Huu ulikuwa mwaka wao wa ishirini na nane. Asubuhi hiyo Nilda, mama anayejaza mitungi ya hewa, alikuwa amewaambia, "Nyinyi wawili mnanitia wivu. Mimi na mume wangu hata sokoni hatuendi pamoja."

"Usitamani usichokijua," Ludwina alimjibu, na wote watatu wakacheka.

Sasa alimkagua Rudsel mkanda kwa mkanda. "Miwani yenye lenzi za kusomea umeleta?"

"Ya nini? Naona vizuri."

"Jana umeagiza supu ya mjusi iguana ukidhani umeagiza kuku."

"Na ilikuwa tamu."

Walishikana mikono kuvuka mawe yanayoteleza, maji yakafika kiunoni, kisha kifuani, kisha dunia ikanyamaza. Kilichosikika ni viputo vyao tu, na pono wakitafuna matumbawe kama wazee wanaotafuna barafu. Waliteremka polepole kufuata mteremko. Baada ya nusu saa Ludwina aligonga kiganja chake kwa kidole: hewa yako ngapi? Rudsel aliinua kipimo, akakisogeza karibu na pua, akakipeleka mbali, kisha akaonyesha vidole saba. Baa sabini za hewa. Bado ipo ya kutosha.

Wakaendelea.

Ni Rudsel aliyemwona. Alianza kugonga mtungi wake kwa kisu, kang kang kang, mpaka Ludwina akageuka. Kwenye sifongo moja ya zambarau alikuwa amejishikiza farasi wa baharini, wa manjano, mdogo kama kidole cha mwisho, kajizungushia mkia na kuinamisha kichwa kama mtu asiyetaka kusumbuliwa. Miaka mingapi walikuwa wakimtafuta? Rudsel alicheka ndani ya kipumulio, viputo vikapanda kwa makundi.

Kisha viputo vikakoma.

Alipomgeukia Ludwina, macho yalikuwa yamemtoka. Alipitisha kiganja kooni. Sina hewa.

Ludwina hakuwaza. Mkono wake ulikwishachomoa kipumulio chake cha akiba na kumtia Rudsel mdomoni. Alimwona akivuta mara ya kwanza, ya pili. Ndipo akakishika kipimo cha Rudsel. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri. Ile sabini aliyoisoma ilikuwa ishirini.

Wakashikana mikanda kifua kwa kifua, wakaanza kupanda. Mtungi mmoja, watu wawili, na mmoja wao anavuta kama fahali. Mita tano kutoka juu walipaswa kusubiri dakika tatu ili gesi itoke damuni polepole. Mwanga ulikuwa pale pale juu yao, na Rudsel aliutaka. Alipiga mapezi. Ludwina alimvuta chini kwa mkanda. Sindano yake mwenyewe ilishuka: hamsini, arobaini, thelathini.

Alimsogeza mpaka miwani zao zikagusana. Aliinua mkono polepole: vuta. Akaushusha: toa. Vuta. Toa. Uso ule aliujua kuliko wake mwenyewe, kila kunyanzi na siku lilipoingia. Akawaza, Mungu wangu, si huyu, si leo. Vuta. Toa. Kifua cha Rudsel kikaanza kufuata mkono wake. Dakika tatu zilipokwisha, ilibaki ishirini.

Ufukweni Rudsel aliketi kwenye jiwe, kisha akaanza kucheka.

"Lakini umemwona?"

"Nimemwona."

"Mzuri?"

"Mzuri sana. Kesho unavaa miwani yenye lenzi, au unabaki hapa kuwahesabu ndege mwari."

"Ndiyo, mama." Akafungua mkanda wa kifuani. "Ludwina. Asante."

"Nimesikia."

"Na nyumbani wasijue. Nitafungiwa ndani mpaka nife."

Pikapu nyingine ilikuwa imeingia kwenye kokoto, na Xiomara, waliyemwacha asubuhi akipika, akateremka, kofia ya ukili kichwani, mikononi sufuria ya nyama ya mbuzi iliyofungwa kwa kitambaa. Aliiweka chini kivulini. Akamtazama Rudsel, akamtazama Ludwina, akamrudia Rudsel.

"Mbona nyuso hizo? Kuna lililotokea?"

Rudsel alikuwa anayachunguza mawe miguuni pake. Ludwina alikamua maji kwenye nywele, bila haraka.

"Amemwona farasi wa baharini," alisema. "Pumzi ikamwishia kwa furaha."

Xiomara alicheka, akamfuta Rudsel uso kwa upindo wa gauni lake.

"Haya, mchukue mumeo," alisema Ludwina akiinamia sufuria. "Mimi zamu yangu iliisha miaka ishirini iliyopita, siku ile tuliyotoka kwa hakimu na talaka."