Malalamiko Dhidi ya Chiriku

"Soma tena," Chiriku aliomba, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imemtosha.

Matroni alirekebisha miwani, akaikunjua upya barua iliyokutwa asubuhi hiyo kwenye sanduku la maoni.

"'Ananimezesha vidonge huku anasinzia. Akinigeuza kitandani hasemi neno, kama anageuza gunia. Juzi nilimuuliza kama amekula, akanijibu, usinisumbue, nimechoka. Tangu hapo naogopa kumwita. Jana usiku nilishikwa na kiu, nikakaa nayo mpaka kukakucha. Msimfukuze. Mpunguzieni zamu, maana alikuwa na huruma sana.'"

"Hajaandika jina?"

"Lako tu."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiunganisha zamu ya asubuhi na ya jioni, kwa kuwa wauguzi wawili walikuwa wameacha kazi na hakuna aliyeletwa badala yao. Hata hivyo wodi nzima ilimwita Chiriku kwa kuchangamka kwake. Alipoingia tu, waliolala waliamka kucheka. Kumbe katikati ya vicheko vile kulikuwa na mtu anayemwogopa! Asingeweza hata kubisha. Siku hizi neno lilimtoka mdomoni naye hajui limemfikia nani.

"Mtafute, umwombe radhi," Matroni alisema. "Kwa upole. Usije ukamtisha zaidi."

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na nane. Alianza na bibi aliyevunjika nyonga, maana huyo ndiye aliyekuwa akigeuzwa.

"Bibi, kama nimekukosea, nisamehe."

"Unikosee wewe? Jana si umenisuka nywele?"

Akaenda kwa mama aliyepooza upande. Huyo alimshika mkono akaung'ang'ania. "Usiku ukishaondoka, mwanangu, ndipo wodi hii inapokuwa kaburi. Nani kakuudhi?"

Kila aliyemwomba radhi alimjibu kwa shukrani, na kila shukrani ilimchoma kuliko tusi. Mmoja alimbariki. Mwingine, aliyekuwa na kidonda mguuni, alimuuliza kwa utani kama anataka kufa, mbona anaaga watu. Wote wakacheka. Chiriku alicheka nao, kisha akaingia stoo ya mashuka, akafunga mlango na kuziba uso kwa mikono yake miwili.

Kufikia kitanda cha kumi na nane alikuwa hajampata aliyemuumiza. Akatoka mpaka getini.

"Kaka, sanduku la maoni liko mbele ya macho yako," alimwambia mlinzi. "Nani ametia barua leo?"

Mlinzi alikuna kidevu. "Leo? Mmoja tu. Yule mama mshonaji."

"Mshonaji gani?"

"Si yule jirani yako, mnayeshuka naye kituo kimoja? Alisema si yake, ametumwa na mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani."

Mlinzi alimuuliza kama amletee kiti, lakini Chiriku alikuwa ameshageuka kurudi ofisini.

Aliporudi ofisini, Matroni alikuwa akipanga orodha ya zamu za wiki inayofuata. Aliinua macho, akaona jinsi uso wa binti ulivyosawijika.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Umemwomba radhi?"

"Bado. Naomba ruhusa ya leo, Matroni. Na hiyo zamu ya jioni, tafadhali nifutie."

Matroni alichukua kalamu, akavuta karibu daftari la wagonjwa ili aandike. "Yuko kitanda cha ngapi?"

Chiriku aliweka mkono juu ya daftari.

"Hayumo humo," alisema. "Yuko nyumbani kwangu. Ni mama yangu mzazi."